Imegeuka ama Imegeuzwa?

Siku yangu ya kwanza kazini chuo kikuu, miaka ya tisini ikianza, nilitoka mtaa wa Makongeni kwa miguu nikiwa nimefunga tai ya babangu, karani wa reli. Nilidhani naenda kutengeneza kompyuta. Kumbe niliajiriwa kuilisha hesabu. Mkuu wa maabara, mama tuliyemwita Daktari, mzaliwa wa mtaa jirani wa Mbotela, alinivutia kiti. "Hapa hatuna fuwele hata moja, kijana. Tunaziiga kwa hesabu."

Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa safu, kama chumvi ya mawe. Zetu zilikuwa za kikaboni, ndugu wa sukari zaidi kuliko wa chuma. Katika ile tuliyoanza nayo, safu moja ilielekea huku na jirani yake kule. Programu iliwasha uga wa umeme, yaani msukumo wa umeme, nasi tukaangalia kama safu zote zitaelekea upande mmoja. Stima ikipotea, tulianza upya.

Mwenyekiti wa idara aliitaka kompyuta hiyo iende kwa wahasibu. Angetuachia kwa sharti moja tu: tumwonyeshe fuwele yenye kumbukumbu, ambayo ikishageuka hubaki hivyo hata umeme ukiondolewa. Siku safu zote zilipogeuka kwenye skrini, niliruka.

"Daktari, tumeipata! Twende kwa Mwenyekiti!"

"Imegeuka ama imegeuzwa?" akauliza, amesimama nyuma ya kiti changu.

Nikamwonyesha skrini tena.

"Kuna mlevi mmoja kwetu Mbotela, kila mkutano wa injili lazima aokoke. Ngoja mhubiri aende, ndio utajua. Zima uga."

Niliupunguza polepole, alivyonifundisha, hadi ukaisha. Safu zikarudi zilivyokuwa, moja huku, moja kule. Nilitaka kulia. Nikamsihi tumwonyeshe Mwenyekiti nusu ya kwanza peke yake.

"Hiyo nusu ndiyo uongo wenyewe," akasema, akaenda kumwambia yote.

Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho. "Asante kwa ukweli, Daktari. Lakini wahasibu wananingoja." Kompyuta ikabebwa mchana uleule.

Mama yule hakununa hata kidogo! Aliwaendea wahasibu akawaomba saa yao ya chakula. Wao wakitoka kula githeri, sisi tunaingia na disketi zetu. Ni hapo, kwenye meza za watu, tulipojaribu fuwele nyingine, tukazima uga, na safu zisirudi. Daktari alicheka hadi akavua miwani ajifute macho. "Hii sasa imegeuka."

Daktari ametangulia mbele za haki, nami nimestaafu. Juzi vijana wa kanisa waliniletea ripoti yao niisifu kabla ya mkutano. Ilikuwa tamu, mafanikio matupu. Nikawauliza nusu ya pili iko wapi, wakanicheka: mzee huyu naye! Nami nikacheka. Miaka mingi imepita tangu Daktari asimame mara ya mwisho nyuma ya kiti changu, na bado sijarudi nilivyokuwa.