Wali Mpya na Karatasi Nisiyoiandika

Nina hasira za karibu. Nasema mapema ili mtu asije akaniona malaika katika habari hii. Pale mtaani kwetu Kilibula hata mama anayeuza makaa kwenye kona anajua: akinipimia kopo lisilojaa, huongeza mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Kwetu shukrani ya mavuno hufanyika mwisho wa Juni. Mvua zimekwisha, upepo wa kiangazi unashuka na vumbi kutoka bonde la Ruzizi, majani ya milimani yamekauka, na nguo ukizianika asubuhi mchana zimeshakuwa nyekundu tena. Mama mkwe wangu ana shamba la mpunga Katogota. Kila mwaka akishavuna na kukoboa, hupanda kamio, lori la mizigo, na gunia la mchele mpya, anakaa kwetu siku tatu, na siku ya pili tunakula. Kanisani pia kuna shukrani, tunakwenda na vikapu vyetu kama watu wote. Lakini hii ya nyumbani ilikuwa yetu, na niliianzisha mimi kwa sababu ya shule.

Shule yenyewe ilikuwa sebuleni mwangu. Zamani nilifundisha shule ya msingi iliyokuwa karibu na ufuo wa ziwa. Ziwa lilipopanda liliingia madarasani na halikutaka kutoka, na watoto wakahamishiwa shule nyingine, zamu ya mchana, wanne wanne kwenye benchi moja, jua la saa nane likiwachemsha chini ya mabati. Nikasema wangu hawaendi. Nilichukua kipande cha mbao nyembamba, nikakipaka unga mweusi wa betri za redio zilizokufa, nikakigongomea ukutani, na kesho yake saa moja na nusu nikapiga kengele. Wanafunzi walikuwa wawili: binti yangu mkubwa, wakati ule ana miaka kumi, na mdogo wake aliyekuwa bado anashika chaki kwa ngumi.

Mtaani walicheka. Walisema mwalimu amekosa kazi sasa anawafundisha watoto wake mwenyewe ili asisahau kusema "kaa chini". Niliwaacha wacheke, kwa sababu nilikuwa na mpango. Binti yangu angemaliza darasa la sita mezani pangu, mimi ningetafuta shule ya kumwandikishia mtihani wa serikali tu, na angefaulu. Cheti kingetoka na jina lake, na kila mtu angejua ni nani aliyemfundisha. Nilikitaka kile cheti kuliko nguo, kuliko bati jipya. Bwana yangu, ambaye ni fundi cherehani sokoni, nilimweleza yote na akakubali. Alikubali mara nyingi sana, sasa nikikumbuka. Mtu anayekubali namna ile ana jambo lake.

Tulikuwa na shamba dogo nyuma ya nyumba, upana wa mikeka sita. Lile nalo lilikuwa somo. Watoto walipima matuta kwa kamba, wakahesabu mbegu, wakaandika kwenye kaye, daftari lao, siku maharagi yalipochipuka na siku kuku wa jirani walipoyafukua. Kwa hiyo siku ya shukrani kila mtoto aliweka mezani kitu alichokivuna kwa mkono wake, na mchele wa bibi yao ukapikwa mweupe, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mukeke wa kuchoma. Hakuna aliyegusa sahani mpaka kila mmoja ashukuru, tukianzia kwa mdogo kabisa na kumalizia kwa bibi. Mtu akimaliza kushukuru, wengine hujibu neno moja tu: tumepokea. Hakuna kuuliza, hakuna kujibishana, mpaka chungu kiwe tupu.

Sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza, baada ya mama mkwe wangu kumshukuru Mungu kwa kumpa mwanawe uvumilivu katika ndoa yake. Ilibidi niitunge. Tungeuana.

Mwaka huo ninaousimulia, basi, tukakaa. Wali unatoa moshi. Mdogo, miaka sita, akafumba macho, akakunja mikono, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Ninashukuru Mungu kwa maharagi yangu, na kwa bibi, na kwa iniforme ya yaya ile papa alificha mu kabati ya mashini."

"Tumepokea," akasema mama mkwe wangu. Alisema haraka mno, kabla mtoto hajafumbua macho. Nikajua hapo hapo kwamba na yeye anajua.

Nilimtazama bwana yangu. Alikuwa anaangalia samaki. Nilimtazama binti yangu mkubwa, huyo yaya ambaye ni dada yake, naye masikio yamemwiva. Sare ya nini, mtoto anayesoma sebuleni? Akili yangu ilifika kote mara moja: wamemwandikisha shule. Wamenizunguka. Watu watatu niliokuwa ninawapikia walikuwa wanaangaliana nikigeuka, na hata yule wa miaka kumi na mbili alijua kunyamaza kuliko mimi ninavyojua.

Zamu yake ilipofika alisimama. Akasema, "Ninashukuru mama kwa vyote alinifundisha." Alinifundisha! Kama mtu anayesoma salamu za marehemu kaburini. Tukajibu tumepokea, na mimi nikajibu, kwa sababu sheria ni sheria. Bwana yangu akashukuru kwa mvua, kwa cherehani isiyokatika uzi, na kwa amani mu nyumba. Nilipofikiwa mimi, nilisema ninashukuru kwa chakula. Wakajibu wote kwa pamoja, kwa nguvu, kama askari kwenye gwaride. Bibi akamaliza kwa kushukuru kwa mpunga, na kwa wanawake wanaokubali kusikia. Tumepokea.

Halafu tukala. Jamani, nilikula. Kila tonge lilishuka kama udongo, na chungu kilikuwa kile kikubwa cha sherehe. Mama mkwe wangu aliomba kuongezwa mara ya pili, akaomba mara ya tatu, mwanamke ambaye siku zote hudonoa kama kuku. Mwanawe naye akala kama aliyetoka jela. Walijua kwamba wali ukiisha mimi nitafungua mdomo, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuchukua punje ya mwisho. Nilichukua ukoko mimi, nikautafuna wote, nikageuza chungu juu chini katikati ya meza.

"Leta," nikamwambia bwana yangu.

Alileta sare kwanza. Sketi ya buluu, blauzi nyeupe, imenyoshwa pasi, mishono midogo ambayo humshonea mteja wa harusi tu. Nikamwuliza alimpima lini mtoto. Akasema alimpima mimi nikiwa nimekwenda kisimani. Hebu fikiria! Mimi ninabeba maji, wao wanapimana viuno ndani ya nyumba yangu.

Kisha akaleta karatasi, na hii aliileta polepole. Akaeleza akiwa amesimama mbali kidogo. Shule ilikubali kumpokea darasa la sita mwezi wa Septemba, lakini mtoto hakuwa na buletini, ripoti ya alama, ya miaka miwili, kwa hiyo direkta, mkuu wa shule, alitaka aliyemfundisha aandike alichomfundisha na alama alizompa, atie sahihi. Karatasi ilipelekwa. Direkta akaisoma, akasema ni nzuri, ila anataka mwalimu mwenyewe aje Jumatatu. Asipokuja, nafasi inakwenda kwa mtoto mwingine. Ndiyo maana walikuwa wamepanga kuniambia siku hiyo baada ya kula, nikiwa nimeshiba. Mdogo aliwatangulia tu.

Nikaichukua ile karatasi. Bwana yangu anaandika kama anayeshona gunia, na mama yake hajui kuandika. Mwandiko wa pale ulikuwa wangu. Herufi g zangu zenye mkia mrefu, saba yangu yenye kamba kiunoni, mstari ninaoupiga chini ya kichwa cha habari kwa rula. Chini kabisa jina langu na sahihi yangu, na duara ninayoifunga mwishoni. Kwa muda mfupi nilijiuliza kweli niliiandika lini. Nilitafuta siku hiyo kichwani. Mwisho nikainua macho nikamwona binti yangu ameficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo.

Nilimfundisha mimi ule mwandiko. Miaka miwili, kila asubuhi, mstari mmoja wa g, mstari mmoja wa saba, na mkia ukiwa mfupi rula inashuka juu ya vidole. Nilitaka aandike sawasawa na mimi, akafika.

Nikasoma alama. Nilikuwa ninatafuta mahali alipojiongezea ili nimshike mwizi na hasira yangu ipate pa kukaa. Hakujiongezea kitu. Hesabu alijipa sita juu ya kumi, alama ileile ambayo ningempa, na hesabu za sehemu, nusu na robo, humchanganya kweli. Lakini chini, mahali pa maneno ya mwalimu, aliandika: mtoto huyu anasikia, ana akili, yuko tayari kusoma na wenzake.

Mimi sijawahi kumwambia mwanangu kwamba ana akili. Hata siku moja. Nililelewa nikiambiwa mtoto akisifiwa anaoza. Sasa alilazimika kuiba mkono wangu ili aliseme mwenyewe. Liliniuma hilo, na badala ya kulia nikazidi kuwaka.

"Ni nani alianzisha huu uongo?"

Bwana yangu akafungua mdomo. Mtoto akamtangulia.

"Minye njo niliomba. Papa alikataa mara mbili."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelia. Weye ukilia, minye ninabaki." Akamalizia akiangalia ubao ukutani: "Nilitaka muntu wa kukaa naye ku benchi."

Ile benchi ya watu wanne. Nilimwokoa nayo miaka miwili, kumbe yeye alikuwa anaililia. Kama angesema nilimpiga, kama angesema sijui kufundisha, ningepata jibu. Hili lilinifanya niwe mbaya. Niliwaambia kwamba kwa kuwa wamekwisha kupata mkono wangu bila mimi, Jumatatu wachore na miguu yangu, iende yenyewe kwa direkta. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Siku mbili nilisema na mdogo tu. Bibi aliondoka kwenda Katogota bila kuniaga, au aliniaga sikuitika. Bwana yangu alipika bugali iliyojaa madonge, tukaila hivyo hivyo. Mdogo aliniuliza kwa nini kengele haijapigwa, nikamwambia ni likizo. Nilikuwa nimesalitiwa na watu ambao sikuweza hata kuwafukuza, kwa sababu ni wangu wote. Cheti changu nacho kilikuwa kimekwisha. Angefaulu mtihani, ndiyo, lakini kwa jina la shule ya watu.

Jumatatu nilivaa kitenge nikaenda. Ningependa kusema nilikwenda kwa upendo. Nilikwenda nimebeba sentensi moja mdomoni, nimeifanyia mazoezi njia nzima: karatasi hii si yangu. Maneno manne, na mtoto angerudi sebuleni. Binti yangu alitembea nyuma yangu, na tulipofika alibaki amesimama mlangoni mwa ofisi, mgongo umenyooka namna ninavyowafundisha kusimama mbele ya mkubwa.

Direkta alikuwa mtu mpole wa miwani. Akaigeuza karatasi upande wangu.

"Mama, weye njo uliandika hii?"

Nikaiangalia. Ana akili, yuko tayari. Ile sentensi yangu ilikuwa hapo kwenye ulimi, na nyuma yangu nilisikia kwamba mtoto ameacha kupumua.

"Mwandiko ni wangu," nikasema.

Akafurahi. Akasema ni nadra siku hizi kuona mkono mzuri hivi. Lakini kwa kuwa karatasi ililetwa na baba, akaomba nitie sahihi tena, pale pale mbele yake, kwa utaratibu tu. Akanipa kalamu ya bic. Nikaandika jina langu. Tangu niache kazi sikuwa nimetia sahihi popote, miaka miwili ni chaki tu, na ile duara ya mwishoni haikufunga. Direkta akavua miwani, akaangalia ya juu, akaangalia ya chini.

"Haifanane, mama," akasema kwa upole. "Ile ya kwanza iko muzuri. Hii ya pili, siwezi kupiga kashe juu yake."

Nikamwomba kipande cha karatasi. Nikaweka sahihi ya mwanangu mbele ya macho yangu, nikaanza kujifunza kuandika jina langu. Mara ya nne direkta akakubali, akagonga kashe, muhuri wa shule.