Risasi Ishirini na Saba

Siku ile Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na mimi nimekaa kizingitini nachora lori kwenye daftari la hesabu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilitaka kuwa dereva wa malori yale makubwa yanayokatiza nchi tatu. Mjomba Byamungu, mdogo wake Mama, alikuwa anasafisha bunduki. Hakuna aliyeshtuka. Alikuwa askari wa hifadhi ya wanyama, huko kwetu milimani Kivu, na kila Jumamosi aliipangusa bunduki, akahesabu risasi, akaandika kwenye kijitabu chake: ishirini na saba. Mwaka mzima ishirini na saba. Hakuwahi kumpiga hata nyani.

"Mujomba, ukizihesabu hivi zitazaa?"

"Zisipungue tu, Furaha. Kuzaa ni kazi ya sungura."

Jumatatu vita vikashuka bondeni. Jumanne tukafunga mizigo. Mama akamwona Mjomba anaifungua bunduki vipande vipande na kuviviringisha ndani ya godoro.

"We Byamungu, uko na wazimu? Tupa hiyo kitu chooni, twende!"

"Haiko yangu, Yaya. Iko ya Leta. Niliisainia."

Leta ndivyo tunavyoiita serikali kwetu, na yaya ni dada mkubwa.

"Leta gani? Leta ilipita hapa jana inakimbia, hata viatu haikuvaa!"

"Basi nitaikabidhi kwa Leta ya ng'ambo ya mpaka. Wao wako na muhuri. Watanipa karatasi."

Nakwambia, mpaka leo nikikumbuka hilo neno karatasi nasikia kichwa kinaniuma. Nyumba za jirani zinafuka moshi, mtu anawaza karatasi! Lakini ndivyo alivyokuwa. Na baada ya baba kufariki, yeye ndiye aliyetulea. Mama asingeondoka bila yeye.

Alikuwa na sheria yake ya kusafirisha silaha. Bunduki na risasi hazikai mzigo mmoja, wala hazibebwi na mtu mmoja. Mwizi akikamata kimoja, hana kitu. Na mzigo ukishafungwa haufunguliwi mpaka mwisho wa safari. Kwa hiyo bunduki akabeba yeye. Risasi akazifunga kwenye kitambaa, akazizamisha katikati ya mfuko wa unga wa muhogo, akanitwika mimi.

"Ni wewe tu unajua," akaninong'oneza. "Mama yako asijue, atapiga kelele."

Sasa hivi niko Birmingham, Uingereza, na kazi yangu ni kuhamisha watu nyumba. Kampuni ni ndogo, magari mawili na ghala moja mtaa wa Digbeth. Juzi mteja mmoja anayehamia Uskoti alikuwa na bunduki mbili za kuwindia. Bosi wangu, Mkenya, akanipigia simu: "Furaha, hizo usiguse kabisa. Mwambie abebe mwenyewe, na risasi azifungie kwenye boksi tofauti." Nikamwambia. Mteja akaanza kulalamika: fomu nyingi, barua kwa polisi, kufuli mbili, eti wanamsumbua! Alilalamika tangu chumbani hadi jikoni. Mimi nabeba friji lake nasema moyoni, baba, nyamaza. Una barabara, una gari, una cheti. Nyamaza tu.

Sisi tulitembea siku tatu.

Siku ya kwanza, mchana, tulikuwa watu kama mia kwenye njia ya migomba. Vijana wenye bunduki wakatusimamisha. Walikuwa wanatafuta risasi. Zao zilikuwa zinawaishia.

Wakatupanga mstari. Wakaanza mbele.

Mwanamume mmoja alikutwa na risasi kwenye soksi. Wakampeleka nyuma ya migomba.

Tulisikia mlio mmoja.

Mama alikuwa ananishika mkono. Unga ulikuwa kichwani kwangu.

Walibakiza watu sita wafike kwetu. Halafu mwenzao akapiga mluzi kutoka juu ya mlima, wakaondoka mbio. Hivyo tu. Mluzi.

Kesho yake asubuhi nikatumwa maji kwenye kinamasi. Nikaenda na mfuko wangu, nikazamisha mkono kwenye unga, nikatoa kitambaa. Nikazitupa moja moja. Sikutaka Mama apelekwe nyuma ya migomba. Na sikutaka Mjomba, siku moja akikasirika, amuue mtu. Nilirudi mwepesi, karibu niimbe.

Mjomba hakufungua mzigo. Sheria yake.

Njia nzima watu walituambia: ng'ambo, mwenye silaha akiikabidhi yote, anaandikwa mkimbizi pamoja na watu wake. Akitiliwa shaka, anapelekwa kutengwa pamoja na wapiganaji. Mjomba alifurahi kusikia hivyo. Alinikonyeza. Nami nikakaa kimya. Nilijisemea, atasema hana risasi, yatakwisha. Nilisahau ni nani ninayemzungumzia.

Mpakani palikuwa na meza chini ya turubai. Mjomba akasogea, akachomoa kijitabu.

"Afande, bunduki moja, namba yake hii. Na risasi ishirini na saba."

"Ziko wapi?"

"Furaha, leta unga."

Wakaumwaga wote juu ya turubai. Askari akaupekua kwa fimbo.

Mjomba akanitazama mara moja. Akaelewa.

"Nani alibeba huu mfuko?"

"Mutoto alibeba unga," Mjomba akasema. "Risasi nilizitoa mwenyewe, njiani."

"Ukampa nani?"

Akafungua kijitabu, akakifunga. Mtu ambaye hajawahi kudanganya hajui uongo unaendelezwaje.

Mimi nikachuchumaa, nikaanza kuuzoa unga.

Wakamsukuma kwenye lori pamoja na wapiganaji. Mama alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mjomba hakupewa karatasi yoyote.

Tulikaa kambini miaka minne, kisha tukaletwa huku Birmingham, mtaa wa Newtown, ghorofa ya tano. Kila fomu tuliyojaza ya kumwombea Mjomba aungane nasi ilirudi na jibu lile lile: risasi zake hazijulikani zilikokwenda. Mwaka jana ndipo nikakaa nikaandika barua, nikaeleza kinamasi kiko wapi na nilitupa ngapi. Nikasaini. Jibu likaja kwa barua pepe: mhusika alishafariki kwa homa huko alikotengwa, faili limefungwa. Mistari miwili! Hata salamu hawakuweka.

Nilimsomea Mama pale jikoni, na barua yangu pia, yote. Alizima jiko. Nilisubiri anipige.

"Kuzitupa ulifanya vizuri," akasema. "Wale vijana wangerudi, tungekufa wote."

Nikaanza kulia.

"Lakini toka pale kwenye maji mpaka mpakani, Furaha, tulitembea siku mbili. Mulikuwa munatembea naye bega kwa bega, munacheka. Ungemwambia tu."

"Nilifikiri atanigombeza, Mama."

"Angekugombeza," akasema. "Halafu angefuta ile ishirini na saba kwenye kijitabu."