Shangazi na Platini za Gari la Baba

Mwezi uliopita kaka yangu alinipigia simu kutoka Gisenyi. Amelitoa gari la baba chini ya turubai, akasema, nije nilione kabla hajalirudisha kuwa kama lilivyozaliwa. Hayo ndiyo maneno yake: kama lilivyozaliwa. Siku hizi kuna watu wanaoyapenda magari ya zamani kuliko wanavyowapenda wazee wao, na kaka yangu ni mmoja wao. Anataka maharusi wapigwe picha ndani yake kando ya ziwa. Nikapanda basi, nikafika nyumbani, nikamkuta uani ameinamia moteri pamoja na fundi mzee, yule yule aliyekuwa akilitengeneza enzi za baba. Walikuwa wanabishana kuhusu platini.

Kama hujawahi kuishi na gari la zamani, rafiki yangu, ngoja nikueleze, maana bila platini hutanielewa. Ndani ya delko, kile kikombe chenye nyaya kinachogawa moto kwenye buji, yaani plagi, kulikuwa na vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana moteri ikizunguka. Kila vikiachana, cheche inaruka. Hizo ndizo platini. Zikiungua au zikilowa, gari halisikii dua wala matusi. Baadaye ikaja elektroniki, kijisanduku kisicho na vyuma vya kugusana, na watu wakapumzika. Kaka alitaka elektroniki itoke, platini zirudi, kwa kuwa ndivyo gari lilivyotoka kiwandani. Fundi alimcheka waziwazi.

"Mi ndiye niliitoa hiyo platini na mikono yangu," alisema. "Donc leo munanirudisha nyuma?"

Mimi nilikuwa nimeshaacha kuwasikiliza. Kifuniko cha delko kilikuwa wazi, na ile harufu ya vumbi, mafuta na kitu kilichoungua zamani ilikuwa imenipeleka asubuhi za utotoni, katika ua huo huo.

Gari lile lilikuwa kitu pekee cha maana tulichovuka nacho kutoka Congo tuliporudi nchi ya babu zetu. Ng'ombe walibaki, magodoro yalibaki, kitanda cha bibi alichopewa kwenye harusi yake kilibaki, lakini gari lilivuka. Kwa hiyo lilipewa heshima ambayo sisi watoto hatukuwahi kuipata. Kila jioni liliogeshwa. Na si juu juu tu! Bibi, mama yake baba, aliagiza boneti ifunguliwe, na moteri yenyewe imwagiwe maji ya sabuni mpaka ing'ae. "Gari chafu ni ya mukimbizi," alikuwa akisema, "na sisi ukimbizi tuliuacha kule." Tulishindana na ndoo zetu, tukacheka, tukalowa mpaka chupi. Hakuna mtu mzima aliyetuambia kwamba moteri haiogeshwi kama mtoto mchanga. Jioni zile zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Asubuhi ndipo palipokuwa na kazi. Baridi ya ziwa ilikuwa inaingia uani, na upepo ukitoka upande wa Rubona ulikuja na harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyeamka wa kwanza. Alikuwa amerudishwa kwetu na mumewe kwa sababu hakuzaa, akapewa kachumba kando ya jiko, na mimi nikalala naye humo. Nilimpenda kuliko mama yangu, na mama alijua. Alifagia ua, akachemsha chai ya maziwa, akakaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mpaka wakakauka, na wale waliokatikakatika alinipa mimi kwenye kiganja wakiwa bado moto. Baba alipotoka na mkoba wake kwenda ofisini, shangazi alisimama na ufagio wake, akamsalimia kwa mikono miwili. Baba akaingia garini, akazungusha ufunguo. Nyee, nyee, nyee. Halafu kimya.

Saa sita mchana, jua likishapiga juu ya boneti, gari liliwaka bila shida yoyote. Mtu angejiuliza kwa nini. Kwetu hakuna aliyejiuliza, kwa sababu bibi alikuwa ameshapata jibu.

Kuna neno la Kinyarwanda, umwaku. Ni mkosi ambao mtu anaubeba mwilini mwake, na ukikutana naye asubuhi kabla ya wengine, siku yako imekwisha. "Mutu mwenye mume alimushinda, mimba ilimushinda," bibi alisema siku moja akinywa chai iliyochemshwa na binti yake mwenyewe, "gari itamuweza?" Baba alikuwa na diploma yake ukutani. Alipuliza chai yake.

Tangu siku hiyo, yewe, shangazi hakuwa tena na haki ya kumsalimia kaka yake asubuhi. Kisha hakuwa na haki ya kufagia mbele ya gari. Kisha alipopita tu, bibi alitema mate pembeni, na sisi watoto tukajifunza haraka kutema. Watoto ni wakatili, usidanganywe na mtu. Jirani yetu muuza mkaa akaanza kungoja ndani mpaka shangazi arudi kutoka bombani ndipo afungue biashara yake. Na gari, je? Gari liliendelea kugoma, maana kila jioni tuliliogesha. Likigoma, bibi aliuliza kwa sauti ya kufika jikoni, "Nani amemuona tena?" Na kila mara alipatikana aliyemuona. Shangazi mwenyewe alianza kujikagua. Usiku aliniuliza kitandani, "Mwanangu, leo nilipita wapi? Nilipita karibu?"

Walimwengu wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Bibi hakumwambia toka. Alingoja siku ya posa.

Mahari ya baba mdogo ilikuwa inapelekwa kwa wakwe huko Kanama, na gari letu ndilo lingeongoza msafara. Kwa hiyo jioni ile liliogeshwa mara mbili, kwa heshima ya wakwe. Asubuhi ua ulijaa wageni, wanaume na suti zao, wanawake na mishanana yao, yale mavazi ya sherehe yanayofungwa begani. Shangazi alikuwa amevaa mshanana wa rangi ya zambarau, ule wa pekee aliorudi nao kutoka kwa mumewe, na alikuwa amependeza, Mungu wangu, mpaka mama alimsifia. Akakaa kiti cha nyuma kwa sababu baba mdogo mwenyewe ndiye aliyemwambia apande. Baba akazungusha ufunguo. Nyee, nyee. Akazungusha tena. Wageni wakaanza kutazama saa zao.

Bibi alifungua mlango wa nyuma mbele ya watu wote.

"Shuka," alisema. "Unataka na huyu pia akose watoto?"

Shangazi akashuka. Wanaume walipoanza kusukuma gari kuelekea mteremkoni, naye akashika kwa nyuma asaidie, na mshanana wake ule. Bibi akapiga kelele: "Usiiguse!" Akaondoa mikono. Gari likawaka huko chini mteremkoni, kama linavyowaka gari lolote likisukumwa, na wageni wakashangilia, na wengine wakageuka kumtazama yeye. Nililia. Mama alinifinya ninyamaze, kwani wageni walikuwa bado wanapanda magari yao.

Haikupita wiki ikaamuliwa kwamba shamba la viazi la Cyanzarwe linahitaji mtu wa kulilinda. Godoro la shangazi lilifungwa juu ya gari, sufuria yake, jembe moja. Nilimshika kanga nikakataa kuachia. Nilitegemea kitu kimoja tu: gari lisiwake. Naapa, niliomba kwa Mungu na kwa Bikira Maria, gari hili ambalo haliwaki hata siku moja, leo lisiwake, shangazi abaki. Baba akazungusha ufunguo.

Likawaka papo hapo. Yeye akiwa ndani, mapema asubuhi, baridi ile ile. Halikukohoa hata kidogo.

Bibi alipiga makofi. "Mumeona? Hata gari inajua inamutoa!"

Na shangazi, hapo kwenye kiti cha nyuma, aliinamisha kichwa. Nilimwona uso. Ndipo alipoamini. Mpaka siku ile nafikiri alikuwa bado anabishana nao moyoni mwake, lakini gari lilimkatia shauri. Tangu hapo liliwaka kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, na nyumba nzima ikanywa chai yake kwa amani.

Sasa nirudi kwa fundi. Nilimuuliza tu, kwa kupitisha muda, aliiweka lini hiyo elektroniki. Akajifuta mikono akaanza kucheka, kwani kwake ni kichekesho cha maisha.

"Si ni wakati ule wa shangazi yenu! Kisha ya ile posa, papa yenu aliniita. Nikafungua delko, nikakuta maji. Maji, wee! Platini ilishaoza kabisa. Nikamuambia: patron, hapa umwaku haiko, ni nyinyi munaogesha moteri. Tukaleta elektroniki ya Goma na kifuniko mupya, mi nikaifunga mangaribi, kesho yake mapema dada yake akaenda."

"Baba alijua?" niliuliza.

"Si ni mi nilimuonyesha! Aliishika na mukono yake. Akaniambia, bon, funga, lakini usiseme kitu mbele ya mama mpaka dada aende kwanza. Nyumba ilikuwa imejaa, unajua." Akatikisa kichwa kwa sifa. "Papa yenu alikuwa mutu wa akili."

Kaka yangu alicheka pia. Kisha akauliza kama platini mpya zinaweza kupatikana.

Baba na bibi wako makaburini wote, sina wa kumgombeza. Lakini shangazi yuko hai, bado Cyanzarwe, analima viazi vya watu wengine sasa. Tulipomzika baba alikuja kwa miguu, akasimama mbali na gari lililobeba jeneza. Nilidhani ni uchungu. Kumbe alikuwa analilinda gari lisigome.

Nilichukua pikipiki kesho yake. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha, sikufichi. Nilijiona nabeba zawadi ambayo hajapata kupewa na mtu. Nikamkuta anamenya maharage mlangoni, amezeeka, mikono imekauka, akanikumbatia akalia kidogo. Nikamwambia yote bila kupumua: maji ya ndoo, platini, elektroniki, fundi. "Hukuwa na umwaku, shangazi. Hukuwahi kuwa nao. Ni vyuma tu."

Akamenya ganda moja, akalitupa.

"Na papa yako alijua?"

Ningeweza kudanganya. Sikufikiria. "Alijua. Kabla hujaondoka."

Aliweka bakuli chini. Alitazama kule bondeni kwenye mashamba ya watu, kwa muda mrefu, mpaka nikasikia aibu bila kujua ya nini. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na hasira.

"Mwanangu, ile umwaku nilishaizoea. Nilijua ni Mungu alinipa, na mi na Mungu tulishapatana." Akanishika goti, akaliacha. "Sasa weye unaniambia ni mwana wa mama yangu. Si ungeniachia tu umwaku yangu?"