Kobe wa Plastiki Darasani

Mgeni wa kutoka Nairobi aliyeleta kobe wa plastiki darasani kwangu, pale Khayega, miaka ya tisini, sikumwamini hata kidogo. Alidai watoto wa darasa la pili wangebonyeza vitufe vya mgongoni, mbele mara tatu, kulia mara moja, na kobe angefuata. Nikajiambia, huyu ana rimoti mfukoni.

Nikamtega kwa kuku. Kwetu mgeni akipikiwa ingokho hawezi kukataa, na firigisi ni yake, kwa hiyo lazima atakaa. Nikamwacha ofisini na ugali wake, nikarudi darasani mbio, nikafunga mlango. Nikampindua kobe nikitafuta uzi. Hakukuwa na uzi.

"Bonyezeni!" nikafoka.

Watoto wakabonyeza. Kobe akaenda hatua tatu, akageuka kulia, akasimama mbele ya viatu vyangu.

"Nani anamwendesha?" nikauliza, fimbo mkononi.

Msichana wa dawati la mbele akasimama wima, mikono nyuma, kama nilivyowafunza.

"Hakuna mtu, mwalimu. Anafanyanga tu kile ameambiwa, haulizangi kitu. Ni kama sisi."