Muuguzi wa Mlango wa Pili

Jirani yetu wa mlango wa pili ni muuguzi asiye na kazi, na hutafuta kazi kwa simu kama mtu anayegombana. Kila asubuhi huketi kizingitini, mahali pekee penye mtandao katika parsele yetu, ua wa wapangaji, hapa Bunia, akafungua ukurasa wake kwenye mtandao wa wataalamu. Kidole gumba chake hugonga kioo mpaka kucha inalia. Huwaandikia "félicitations", yaani hongera, watu asiowajua waliopata kazi, huku akisaga meno. Katika picha yake amevaa blauzi nyeupe ya uuguzi aliyokimbia nayo vita kutoka Djugu.

Jumanne mkuu wa kuajiri wa shirika moja alimjibu. Jirani alitusomea kwa sauti: wasifu wake ni mzuri, aje hotelini jioni, peke yake, avae vizuri, wazungumzie nafasi ya kazi.

"Miye niko infirmière!" akafoka. "Nilizalisha wamama mu kambi bila umeme. Huyu anataka nini?"

"Futa tu, mama," mpangaji mwenzetu Mireille akamsihi. "Atakuharibia jina, hautapata kazi tena."

"Kazi gani? Hii?"

Hakufuta. Aliubandika ujumbe wote kwenye ukurasa wake, pamoja na jina la yule bwana, waajiri wote wa jimbo letu la Ituri wauone. Haukupita muda, simu ikalia. Alikuwa yule bwana. Jirani akaweka sauti ya juu, akainyanyua simu ili sote tusikie.

"Sema tena, baba," akamwambia. "Sema ile ya oteli."