Siku Arlys Alipokatazwa Kuisemea Kampuni Yake

Arlys Vondracek alikuwa na miaka sitini na mitatu, na thelathini kati ya hiyo aliimalizia mbele ya tanuri moja la kuni, katika mji mdogo wa jimbo la Nebraska, Marekani, ambako Jumamosi bila kolache zake, vile vimkate vitamu vya plamu, haikuwa Jumamosi. Duka lilikuwa la kampuni yake ndogo, lakini jengo lilikuwa la kupanga. Mwenye jengo alipofariki, warithi wakaliuza kwa wafanyabiashara wa mji wa Omaha, na hao hawakulitaka tanuri. Wakafungua kesi kampuni ihame, wakidai mkataba wa upangaji haukuruhusu moto wa kuni ndani.

Arlys hakutetereka. Wiki nzima aliusoma mkataba, akaandika majibu kwa mkono wake, kurasa kumi na moja, akayapeleka kwa karani wa mahakama. Siku ya kesi akavaa koti lake la buluu, akasimama.

"Mheshimiwa, ukurasa wa tisa wa mkataba unasema..."

"Subiri kidogo, mama," Jaji Haverkamp akamkatiza. "Wewe ni wakili?"

"Mimi ni mwokaji."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka.

"Aliyeshtakiwa hapa si wewe, ni kampuni. Kisheria hiyo ni mtu mwingine kabisa, na haiwezi kusemewa hapa ila na wakili."

"Lakini kampuni ndiyo mimi! Pale hakuna mwingine, ni mimi na tanuri!"

"Nakuelewa. Ungeshtakiwa kwa jina lako, ningekusikiliza mpaka jioni. Ila hata haya majibu siwezi kuyapokea. Nakupa siku kumi na nne utafute wakili. Usipompata, walioishtaki wanaweza kupewa ushindi bila kampuni kusikilizwa."

Alitoka amezikumbatia karatasi zake, uso unamwaka. Bintiye Jolene alikuwa akimsubiri garini.

"Nimeambiwa ninyamaze kama mtoto," Arlys akasema. "Kampuni yangu mwenyewe!"

Jolene hakuwasha gari. "Mama, unamkumbuka yule dereva aliyeteleza kwenye barafu pale mlangoni?"

"Nitamsahauje? Alivunjika nyonga."

"Alipodai fidia, aliidai kampuni. Nyumba yetu haikuguswa, kwa sababu baba aliisajili kampuni iwe kivyake. Sasa wewe unataka iwe wewe ukipenda, na isiwe wewe ukipenda?"

Arlys akamtazama kwa hasira, kisha akaguna. "Unaongea kama babako."

"Twende kwa Sedlak."

"Wade Sedlak? Aliyesema kolache zangu kavu?"

"Huyo huyo. Wakili mwingine hapa mjini humpati."

Ofisi ya Sedlak ilikuwa juu ya duka la mbegu. Mzee huyo akazisoma zile kurasa kumi na moja, moja baada ya nyingine, huku Arlys akijiandaa kudharauliwa.

"Nani kakuandikia haya?"

"Mimi."

"Na hiki kiambatisho cha ukurasa wa tisa, umekiona mwenyewe?"

"Kwani mimi sina macho?"

Sedlak akatabasamu. "Basi kazi ngumu umeshaifanya. Mimi majibu haya nitayaandika upya kisheria, nitie sahihi, nisimame kuyatetea. Nawe utapanda kizimbani kama shahidi. Hilo hakuna wa kukukataza."

Siku ya kumi majibu yakapelekwa upya, na safari hii yakapokewa. Kesi iliposikilizwa, Sedlak alimuuliza Arlys maswali mafupi mafupi, naye akajibu kwa utulivu: kiambatisho kililitaja tanuri kama sehemu ya jengo lililopangishwa, na wazima moto walilikagua kila mwaka. Karani aliandika kila neno lake.

Jaji aliyatupilia mbali madai ya kuihamisha kampuni. Mkataba ulikuwa na miaka sita mbele. Watu wa Omaha walisema huenda wakakata rufaa, na Sedlak akasema wakate tu, atakuwepo.

Majira ya kuchipua yalipofika, fundi magari Duane aliingia dukani na barua ya mahakama mkononi.

"Dada Arlys, nitaenda kujieleza mwenyewe. Mimi siogopi mtu."

Arlys akapangusa unga mikononi, akamvutia kiti.

"Kaa kwanza. Wameandika jina lako, au la gereji?"