Bodi Iliyochorwa kwa Mgongo

Asubuhi hiyo Dokta alifika dukani kabla ya mama yake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka mingi. Aliwasha kompyuta, akafuta kioo kwa pindo la gauni, akakaa, akainuka, akakaa tena. Pale kwenye kioo palikuwa na mstatili wa kijani, mdogo kama kiganja, uliojaa mistari myekundu iliyokatiza huku na huku bila kugusana. Ilikuwa bodi ya saketi, kibao ambacho mistari yake ndiyo njia za umeme, na aliyeichora ni yeye.

Udaktari hakuusomea. Jina hilo alipachikwa na wateja, kwa sababu kwa miaka ishirini alikuwa akipasua matumbo ya redio, pasi na feni na kuvifunga tena vikiwa hai. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja: dirishani cherehani ya mama yake, ukutani meza yake ya ufundi, na katikati mpaka usioisha ugomvi, maana nyuzi za mama ziliingia kwenye redio na matone ya risasi ya kulehemu ya binti yalitoboa vitambaa vya watu.

Miaka yote hiyo alitengeneza bodi zilizobuniwa na wengine. Hii ilikuwa ya kwanza kutoka kichwani mwake, na ilikuwa na wenyewe wanaoisubiri. Kule mwisho wa barabara kulikuwa na shule ya watoto viziwi. Kengele ya shule hiyo ilikuwa mwalimu mmoja mwenye goti bovu, aliyepita darasa kwa darasa akipunga kitambaa chekundu. Dokta alipolisikia hilo alitengeneza kengele ya mwanga: bonyeza kitufe ofisini, taa inamemeta darasani. Ile ya kwanza aliiunga kwa mkono, ikafanya kazi vizuri, ingawa kwa ndani nyaya zilikuwa zimesongamana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

"Nataka kumi na mbili," mkuu wa shule alimwambia, "na ziwake siku ya kufungua shule."

Kumi na mbili kwa mkono asingezimaliza. Ndipo akajiandikisha chuo cha ufundi, darasa la Jumamosi, akajifunza kuchora bodi kwenye kompyuta ili kiwanda kizitengeneze. Mwalimu wake alikuwa akikusanya michoro ya wanafunzi na kuituma kiwandani kwa pamoja. Leo saa sita kamili mchana alikuwa anatuma, na baada ya hapo kiwanda kilikuwa kinafungwa mwezi mzima. Atakayechelewa leo, bodi zake zingefika shule ikiwa imeshafunguliwa zamani.

Saa tatu na nusu programu ikamaliza ukaguzi. Dokta akapiga kelele hadi mama yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anatundika mkoba, akashtuka.

"Mama, sifuri!"

"Pole, mwanangu. Kwani ulikuwa mtihani?"

"Makosa sifuri! Kompyuta imepitia kila kitu, haikuona kosa hata moja. Natuma sasa hivi."

Mama akasogea, akavaa miwani, akakitazama kioo kama anayekagua mshono wa fundi mwingine. Kisha akaonyesha transfoma iliyokuwa mezani, kidude kizito chenye miguu mitano. "Na hiki kompyuta inakijua?"

"Hiki hakikuwemo kwenye programu. Nimekipima na kukichora mwenyewe."

"Umekijaribu kwenye karatasi?"

"Mama, hili si shati."

"Shati nikilikosea nalifumua, na bado sikati kitambaa cha mtu kabla ya karatasi. Chako hicho kikirudi kimeharibika, utakifumuaje?"

Dokta akanakili mchoro kwenye flashi, akatoka mbio kwenda kwa jirani wa fotokopi.

Jirani alimkabidhi karatasi yenye bodi kubwa kama sinia. "Nimekukuzia, Dokta. Ile ilikuwa ndogo mno, ungeumia macho."

"Jamani! Nataka saizi yake yenyewe, isizidi wala isipungue."

"Sasa si ungesema? Mtu anafanyiwa hisani anakuja juu!"

Ya pili ilitoka imesinyaa kidogo. Ya tatu wakaipima kwa futikamba ya mama: sentimita nane barabara. Aliporudi aliibandika juu ya kadibodi, akatoboa matundu kwa sindano ya cherehani, akaanza kupachika vifaa vyenyewe kimoja kimoja. Rezista zikaingia. Chipu ikaingia. Relei, ile swichi inayowasha taa, ikaingia bila ubishi, na kila kilipoingia kitu Dokta alitoa kicheko kifupi cha mtoto aliyepewa zawadi.

Ikabaki transfoma. Miguu miwili upande mmoja, mitatu upande mwingine, imeachana bila mpangilio. Akaijaribu, ikakataa. Akaizungusha, ikakataa. Akaipinda miguu kidogo, mama akamzuia mkono.

"Usilazimishe. Hebu nipe."

Mama aliibandua karatasi, akaiinua dirishani ili mwanga upenye, halafu akaigeuza nyuma mbele. Akaisogeza transfoma kwa upande ule wa nyuma. Miguu yote mitano ikalenga matundu yake kama iliyoitwa kwa majina.

"Umechora mgongo," alisema. "Umechora ukidhani ni uso."

Dokta aliichukua karatasi, akaigeuza mara mbili. Kisha akajipiga paji la uso. Miaka ishirini kazi yake ilikuwa kuigeuza bodi, maana penye risasi ndipo penye ugonjwa, na huko ni mgongoni. Hata vifaa hivi alivipindua miguu juu kama kuku anayepimwa uzito, akaichora miguu vile alivyoiona. Kompyuta ingejuaje? Yenyewe ilikagua mistari tu.

"Na relei nimeichora vilevile," alinong'ona. "Imeingia kwa sababu miguu yake inalingana, lakini imebadilishana kazi. Mama, taa zingewaka kutwa nzima, kengele ikipigwa ndiyo zizime!"

Wakatazamana, wakaangua kicheko wote wawili, kisha wakakumbuka saa. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Vifaa alivyovichora mwenyewe vilikuwa vitatu: transfoma, relei na soketi ya kitufe. Akavigeuza vyote, na mistari yote iliyovifikia ikavurugika. Akaifuta, akaanza kuichora upya. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimekuja kuchukua redio yangu," mteja mmoja alisema.

"Rudi mchana. Dokta yuko kwenye upasuaji."

"Anampasua nani?"

"Anajipasua mwenyewe. Mchana, baba, mchana."

Mstari wa mwisho ukakosa njia, kila upande umezibwa. Dokta aliuma kucha, macho yakatua kwenye cherehani, akacheka peke yake. Akauzamisha mstari kwenye tundu moja, akaupitisha chini ya bodi, akauibua kwenye tundu jingine, kama uzi unavyopita kwenye kitambaa. Ukaguzi: sifuri. Safari hii hakushangilia. Alikimbilia fotokopi, na jirani akaitoa kwa saizi yake bila neno. Kadibodi, sindano, transfoma. Ikazama na kutulia kwa upande wa mbele. Relei na soketi akazihesabu mguu kwa mguu, kidole juu ya mchoro.

Akapiga simu. "Mwalimu, usitume kwanza!"

"Dokta, zimebaki dakika nne, na wenzako wote wameshaleta."

"Inakuja, inakuja... imekuja?"

"Imefika. Kuna maandishi madogo hapa kwenye kona. Umekusudia au yamekuponyoka?"

"Yaache hapohapo."

Boksi lilifika siku tano kabla ya shule kufunguliwa. Dokta alitoa bodi ya kwanza, ya kijani, inayong'aa, na kabla hajajua anafanya nini akaigeuza nyuma.

"Umeanza!" mama akafoka kutoka kwenye cherehani. "Soma kona hiyo."

Akaigeuza. Kwa herufi nyeupe palikuwa pameandikwa: HUU NDIO USO.

Siku tano walilehemu na kufunga, mama akishika tochi na kuhesabu miguu. Siku ya kufungua shule, mkuu alimwita ofisini yule mwalimu mwenye goti, akamsogezea kiti na kumwonyesha kitufe. Mwalimu akabonyeza. Nje ya dirisha madarasa kumi na mawili yakamemeta kwa pamoja, na milango yote ikafunguka, watoto wakimiminika uani mikono yao ikizungumza hewani.

Mwalimu aliitazama ile milango, akautazama mguu wake ulionyooshwa chini ya meza, akamgeukia Dokta.

"Naweza kubonyeza tena?"